Sufuria ya maji hainyonyi sumu ya jiko la mkaa

Kila msimu wa baridi ujumbe ule ule hurudi kwenye magrupu: mkimaliza kuchoma nyama uani, ingizeni jiko ndani lipashe chumba joto, ila wekeni sufuria ya maji kando "inyonye sumu".

Maji hayanyonyi sumu hiyo. Mkaa unapoungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo haiyeyuki kwenye maji ila kidogo mno. Huna haja ya kuniamini mimi: fungua kitabu cha kemia cha sekondari, pale panapoelezwa jinsi ya kuitengeneza gesi hii maabara. Utaona mchoro wa gesi ikipita majini, ikipanda kama mapovu hadi kwenye chupa iliyopinduliwa. Hukusanywa hivyo kwa sababu maji hayaishiki.

Kinachochanganya watu ni moshi. Mkaa ukishakuwa mwekundu moshi hukoma, macho hayawashi tena, na mtu huona hatari imepita. Kumbe gesi bado inatoka, hata makaa yakishafunikwa na majivu. Wengine walilala na jiko wakaamka salama, pengine kwa sababu ya mwanya kati ya ukuta na mabati, wakaisifu sufuria.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyeutuma. Jiko libaki nje mpaka lipoe kabisa. Na mtu aliyekaa nalo ndani akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, mtoeni nje kwanza apate hewa, kisha hospitali.