Moyo kushindwa kufanya kazi bila mishipa kuziba: mchochota unahusikaje?

Tumeambiwa moyo wa mama umepanuka na hausukumi damu vizuri, lakini mishipa yake ya moyo haijaziba. Inawezekanaje?

Inawezekana, na Afrika ndiyo hali ya kawaida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliangalia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa tatizo hili katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda. Waliougua kwa sababu ya mishipa kuziba hawakufika 8 katika kila 100. Karibu nusu chanzo kilikuwa presha. Waliobaki, wengi wao misuli ya moyo yenyewe ilikuwa mgonjwa, au valvu (milango ya ndani ya moyo) zilikuwa zimeharibiwa na homa ya rumatiki, ugonjwa unaofuata maambukizi ya koo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, watu ambao bado wanasomesha watoto.

Mchochota ni nini?

Ni namna mwili unavyopambana na kidudu au jeraha: chembe za kinga hukimbilia mahali hapo, pakavimba na kupata joto. Kwenye kidole unauona. Kwenye moyo hauonekani kwa macho.

Unaanzaje, na unauharibuje moyo?

Mara nyingi huanza na virusi, hata vile vinavyoleta mafua au kuharisha. Vikiingia kwenye misuli ya moyo, kinga huvishambulia na kuumiza misuli pia. Wengi hupona kabisa. Kwa wengine kinga haitulii hata virusi vikishaondoka. Misuli inakufa kidogo kidogo, mahali pake panaota kovu, na kovu halisukumi damu. VVU visivyotibiwa, pombe nyingi na baadhi ya dawa za saratani navyo huumiza misuli hiyo.

Kuna upande wa pili. Moyo uliochoshwa na presha kwa miaka, hata bila kidudu chochote, hutoa wenyewe kemikali za mchochota, na kemikali hizo huzidi kuudhoofisha. Pia huchangia mgonjwa wa muda mrefu kukonda mikono na mashavu, hata kama miguu imejaa maji.

Basi si anywe diklofenaki ipunguze huo uvimbe?

Hapana, tafadhali sana. Kosa hili linaumiza watu wengi: miguu imevimba, magoti yanauma, mtu anakwenda duka la dawa anapewa diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizi hufanya figo zishike chumvi na maji, na moyo ambao tayari umeelemewa unaongezewa mzigo. Kama ana maumivu, amuulize daktari kuhusu parasetamo.

Hakuna dawa ya kuuzima mchochota wenyewe?

Imetafutwa kwa bidii. Mwaka 1990 watafiti Marekani waligundua kwamba wagonjwa waliodhoofika sana walikuwa na kemikali ya mchochota iitwayo TNF kwa wingi kwenye damu. Ilionekana kwamba ukiizuia, mgonjwa atapona. Dawa ya kwanza ya kuizuia ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 2,000 na haikusaidia. Nyingine, kwa dozi kubwa, iliwazidishia ugonjwa.

Lakini mwaka 2009 utafiti wa Italia uliwachagua wagonjwa 85 tu, ambao kipande cha misuli ya moyo wao kilionyesha mchochota na hakikuwa na virusi. Waliopewa prednisoni pamoja na azathioprini, dawa za kutuliza kinga, wengi mioyo yao ilipata nguvu. Kwa maoni yangu, chanzo kijulikane kwanza, kisha ndipo dawa ichaguliwe. Dawa za aina hii hazifai kununuliwa kwa kubahatisha.

Sasa tumfanyie nini mama?

Apimwe eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), presha, sukari, figo na VVU. Anywe dawa zake kila siku hata akijisikia vizuri, kwa sababu ndizo zinazomwongezea maisha. Apunguze chumvi. Kila asubuhi apime uzito kabla ya kunywa chai: ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, au akianza kuhitaji mito mitatu ili alale, msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni siku hiyohiyo. Na kama nyumbani kuna mzazi aliyejifungua ndani ya miezi 5, akakosa pumzi akilala na miguu ikavimba, msiseme ni uchovu wa uzazi. Naye apimwe moyo.