Gari haiwaki? Rudisha kwanza pochi mfukoni

Jumamosi hii tena. Saa moja kasoro asubuhi simu inaita, "fundi, gari imegoma kuwaka, nshanunua betri mpya, njoo na spana tu tufunge." Yani kashanunua! Hajapima chochote, boneti hajafungua, kasikia tak tak tak akapanda boda kwenda dukani. Nimekuwa fundi umeme wa magari hapa Ilala muda mrefu na hii ya gari haiwaki basi betri imekufa nshaisikia mpaka imenitoka puani.

Nianze na mama mmoja ana IST. Alikuja akiwa na betri ya tatu ndani ya miezi nane. Namwamkia, kabla hata hajaitikia vizuri kashaanza, "mwanangu, betri za siku hizi zote feki." Nikamwambia mama kaa hapo kwenye stuli nikuonyeshe. Mita ya kupimia umeme kwenye nguzo za betri gari ikiwa imezimwa inasoma volti 12.5, haina shida. Kijana wake akapiga stata, injini inazunguka kivivu kama imelewa, lakini mita pale kwenye nguzo imeshuka mpaka 11.2 tu. Hapo ndo pa kushtuka. Betri iliyochoka ukiibebesha stata inaporomoka chini ya 9.6, hii yake iko juu kabisa na stata bado inalia njaa, sasa umeme unapotelea wapi?

Nikabakiza waya mweusi wa mita kwenye nguzo ya hasi, mwekundu nikaugusisha kwenye chuma kitupu cha injini, nikamwambia kijana piga tena. Volti 3 na kitu. Pale inatakiwa isome chini ya nusu volti, mi ikizidi 0.3 tu nafungua. Volti 3 zote zinaliwa na kipande cha waya wa ethi, ule unaotoka nguzo ya hasi kwenda kwenye chuma cha gari, hakifiki hata urefu wa mkono! Nikafungua kwa spana kumi, chini ya boliti kutu na ule unga wa kijani umejaa, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi juu. Dakika ishirini. Stata ikapiga mara moja mama akaruka kwenye stuli.

Sasa watu wananiuliza, mbona zile mbili za kwanza dukani walizipima wakasema zimekufa kweli? Ya kwanza ndio, ilikufa, ila iliuawa, na ya pili ilikuwa njiani. Umeme unaotoka altaneta kwenda kujaza betri unarudi kwa ethi hiyohiyo. Kabla sijasafisha, kwenye altaneta nilisoma 14.1 huku kwenye nguzo za betri inafika 13.2 tu, kwahiyo kila siku betri inalala haijashiba, na betri ya asidi ikikaa wiki kadhaa haijajaa inaota salfa kwenye sahani zake ndani na baada ya hapo hata uichaji haipokei. Muuaji kabaki ndani ya boneti anasubiri betri nyingine, na we unamletea. Ile ya pili ilikuwa haijafika huko, ina njaa tu, na alikuwa bado nayo kwenye buti, nikaiweka kwenye chaja usiku kucha asubuhi ikasoma 12.6 na ndo kijana wake anatembelea kwenye gari yake sa hivi.

Sisemi betri hazifi. Joto la Dar linaziua vibaya sana kuliko baridi ya Makambako, ikifikisha miaka mitatu mi naitilia shaka. Ila pima kwanza. Mita ya bei chee kabisa inatosha: gari ikiwa imelala usiku, 12.6 imejaa, 12.4 kama robo tatu, 12.0 imebaki robo. Ikiwaka inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5, chini ya hapo hangaika na altaneta na nyaya zake. Kama gari inakaa siku mbili tu betri inaisha, tafuta kinachokula usiku, na tisa kwa kumi kwangu huwa ni redio, alamu au traka iliyofungwa na mtu aliyeunga waya kwa meno na selotepu.

Kuna kundi la pili, hawa wanabisha kinyume chake. "Fundi betri nzima, mbona taa zinawaka na redio inapiga?" Kaka, taa ya ndani haili hata ampia moja, stata inataka mia na zaidi. Fanya hivi, washa taa kubwa usiku kwenye ukuta afu piga stata. Taa zikizima kabisa au kufifia kama mshumaa, angalia betri na taminali. Taa zikibaki vilevile na stata kimya, betri iache, tafuta stata yenyewe, rilei au swichi ya gia, ile inayozuia stata kama gia haiko P au N.

Na stata ikizunguka vizuri kwa nguvu lakini gari haishiki, betri imeingiaje hapo? Hiyo ni mafuta au moto wa plagi, au ile taa ya ufunguo kwenye dashibodi inakwambia gari haijaitambua funguo. Geji ya mafuta nayo msiiamini sana, nshafuatwa mpaka Mbezi kumwagia mtu lita tano.

Kusukuma gari ya auto: hapana. Pampu ya mafuta ya gia inazungushwa na injini, injini ikizima hakuna presha, hakuna gia inayoshika, mtasukuma mpaka Chalinze. Manyuo sawa, sukumeni.

Kuchomoa taminali gari ikiwa inawaka eti unapima altaneta, tafadhali sana. Ilikuwa ya magari ya zamani. Betri ndo inatuliza umeme, ukiitoa volti zinaruka ghafla na unaweza kuunguza dayodi au kontroli boksi, afu unakuja kwangu unasema "fundi sijui imekuwaje."

Kumwagia soda kwenye taminali inatoa unga kweli ila inaacha sukari na kunata. Maji ya uvuguvugu na magadi kidogo, funika vifuniko vya betri yasiingie, suuza, kausha. Na ndani ya betri ni maji ya betri tu, usiongeze asidi.

Wenye gari za kubonyeza, ikikataa kukutambua betri ya funguo imeisha, ile ndogo ya duara. Gusisha funguo yenyewe kwenye batani ya kuwashia ukiwa umekanyaga breki, afu bonyeza, Toyota nyingi zinakubali.

Na ikikaa kimya kabisa kwenye P, jaribu N kabla hujanipigia. Ikiwaka hapo ni swichi ya gia, unaweza kuja nayo Jumatatu mwenyewe, taratibu.