Sponji ya godoro haichuji vumbi: kuchagua na kutunza chujio la hewa la pikipiki ya porini

Kiangazi kilichopita bwana shamba mmoja alituletea karakanani Yamaha AG100 akiisukuma. Inawaka kwa shida, mlimani haina nguvu, na ukipiga kiki mguu unazama tu, mgandamizo hakuna. Tulifungua kava la ubavuni tuangalie chujio la hewa, lile ambalo mafundi wengi huliita eya klina. Hatukulikuta. Kulikuwa na kipande cha sponji ya godoro, cha bluu, kimekatwa kwa wembe na kushindiliwa ndani ya boksi. Juu kilikuwa kikavu kama biskuti, chini kilishaanza kumeguka, na makombo yake mengine yalikuwa yamenasa kwenye mpira wa kabureta, bomba linalopitisha hewa kutoka boksi la chujio kwenda kwenye kabureta. Tulipong'oa hedi, silinda ilikuwa na mikwaruzo ambayo unaihisi kwa kucha. Pistoni ile ilikuwa imefungwa mpya miezi mitano nyuma.

Mwenyewe hakuwa mzembe. Sponji halisi ilichanika akiwa kijijini, fundi wa pale akamsaidia kwa alichokuwa nacho. Nimekutana na sponji za godoro kwenye pikipiki nyingi mno kiasi kwamba siku hizi siulizi tena nani kaweka.

Kwa macho vitu hivi viwili vinafanana, lakini sponji ya chujio imetengenezwa ikiwa na matundu yaliyo wazi yanayopokezana hewa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ya godoro matundu yake mengi yana ngozi nyembamba inayoziba. Chukua kipande cha kila moja, weka mdomoni, puliza: utaelewa bila mwalimu. Zaidi ya hapo, ya godoro haikuundwa kuvumilia petroli na oili, kwa hiyo hulainika, humeguka, na yanayomeguka huvutwa na injini.

Injini nayo ina pumzi kubwa. Chukua ya cc 125 yenye mipigo minne, inayovuta hewa mara moja kila mizunguko miwili, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika: silinda inajaa mara 3,000, yaani inaweza kuvuta hadi lita 375 za hewa kila dakika. Sasa fikiria hewa hiyo inatoka nyuma ya lori, barabara ya vumbi, mwezi wa nane. Vumbi letu lina silika nyingi, madini yale yale ya mchanga na kioo, nayo ni magumu kuliko chuma cha silinda. Chembe zinazoumiza zaidi ni zile za kati ya mikroni 5 na 20, ndogo kuliko unene wa unywele. Zinaingia katikati ya ringi, zile pete za pistoni, na silinda, palipo na utando wa oili tu, na kusaga pande zote mbili kama msasa.

Kwenye injini za mipigo miwili kama AG100 na DT125 za zamani hali ni mbaya zaidi. Humo hewa haiendi moja kwa moja juu ya pistoni. Hupitia kwanza kwenye chumba cha krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni chini ya silinda. Vumbi linaanza na beringi za krenki na za koni rodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, kabla halijafika kwenye ringi. Ndiyo maana ukiua injini ya aina hii kwa vumbi, mara nyingi pistoni mpya peke yake haitoshi.

Watu wengi wanaogopa chujio chafu. Mimi naogopa zaidi chujio lisilokaa vizuri. Likichafuka sana hewa inapungua, na kwa pikipiki ya kabureta utaona dalili mapema: moshi mweusi, plagi nyeusi, petroli inaisha haraka, gia ya nne haivuti. Ni hasara, lakini inakupa taarifa. Ukingo ulioinuka milimita moja haukupi taarifa yoyote. Pikipiki inakimbia vizuri, huku vumbi linapita pembeni, mpaka siku unapoona moshi wa bluu na oili inapungua. Hapo umeshachelewa.

Kwa kuchagua, anza na chujio la aina ile ile iliyokuja na pikipiki. Pikipiki nyingi za porini hutumia sponji iliyolowekwa oili, na kwa vumbi jingi naipendelea kuliko zote: inabeba uchafu mwingi kabla ya kuziba, na unaifua tena na tena. Zilizo bora zina tabaka mbili, la nje la matundu makubwa na la ndani la matundu madogo. Chujio la karatasi huchuja vizuri sana, ila halifuliwi wala halipakwi oili, na likilowa maji mtoni limekwisha. Yapo pia ya chachi ya pamba, yanayouzwa kwa sifa ya kuongeza nguvu. Kwa mtu wa mashindano sawa; kwa anayepeleka chanjo kijijini sioni anachopata.

Dukani usitazame boksi, tazama kitu chenyewe. Kwenye sponji, vuta taratibu palipounganishwa kwa gundi. Pakiachia mkononi mwako, pataachia njiani. Kwenye karatasi, ingiza tochi ndani, zima taa ya chumba, zungusha: nukta yoyote ya mwanga ni tundu. Kisha lipachike kwenye fremu yake hapo hapo. Kama linabidi livutwe ili lifike, au linacheza, mrudishie muuzaji. Na ukishapata sponji nzuri, nunua mbili. Tutaona kwa nini.

Kuhusu kufua. Kosa la kwanza ni petroli. Inasafisha haraka, kweli, lakini inadhoofisha gundi ya sponji, na mvuke wake unahitaji cheche moja tu. Tumia mafuta ya taa, mbali na moto na sigara. Minya sponji ndani ya mafuta hayo kama unavyominya tui la nazi, usiisokote kama dekio; kusokota ndiko kunakochana. Kisha fua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji mpaka maji yatoke safi, anika kivulini, na subiri ikauke kabisa. Sponji yenye maji ndani haishiki oili. Hapa ndipo watu wanapochoka kusubiri na kuifunga ikiwa mbichi, na hapa ndipo sponji ya pili inapolipa gharama yake: moja inakauka, nyingine iko kazini.

Kosa la pili ni kuifunga ikiwa kavu. Sponji bila oili ni wavu wa samaki mbele ya dagaa. Kinachokamata vumbi jembamba ni ule utelezi wenye kunata. Oili maalumu ya chujio ndiyo bora kwa sababu inabaki ilipopakwa. Ikikosekana, oili safi ya injini inafaa, na vitabu vya pikipiki nyingi za zamani viliiruhusu, lakini ujue inashuka chini polepole. Pikipiki ikilala wiki nzima, upande wa juu unabaki mkavu. Oili chafu iliyomwagwa kwenye injini nyingine, hapana. Maelekezo ya nje husema weka sponji na oili kwenye mfuko wa plastiki uifinye. Tanzania mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo tumia beseni dogo. Kanda mpaka rangi iwe moja kila mahali, halafu minya ya ziada itoke. Ikidondosha matone, imezidi, nayo itaikaba injini.

Kabla ya kufunga, futa ndani ya boksi kwa kitambaa chenye unyevu huku mdomo wa mpira wa kabureta umezibwa. Pakaza grisi kidogo kwenye ukingo sponji inapokalia. Kagua mpira wenyewe, maana hupasuka kwa chini ambako huoni, na klipu zake. Mrija mdogo wa chini unaotoa maji usiuache bila kizibo chake.

Chujio la karatasi lina adui wake, naye ni kompresa ya mpiga pancha. Upepo ule wa kujazia matairi unafungua vinyweleo vya karatasi, na jicho halitaona. Ligonge taratibu kwenye kiganja. Ukilazimika kupuliza, punguza upepo chini ya psi 30 na upulize kutoka ndani kwenda nje. Lisipuliziwe kila siku, kwani karatasi yenye vumbi kidogo huchuja vizuri kuliko mpya. Na kama karatasi imekuja na oili yake kutoka kiwandani, usiipulize kabisa. Badilisha tu.

Mara ngapi? Kitabu kitakupa kilomita, lakini pikipiki nyingi tunazopokea kebo ya spidomita ilishakatika. Sisi huwaambia wateja wetu: kiangazi, barabara ya vumbi, fungua utazame kila wiki, ukitembea msafara nyuma ya magari, tazama jioni hiyo hiyo. Lori likikupita, simama vumbi litue, dakika mbili hazikuchelewishi mahali. Na wale wanaotoa chujio kabisa ili pikipiki "ivute" wajue kwamba, mbali na vumbi, hewa inazidi petroli, injini inachemka na pistoni inaweza kunata.

Kipimo cha mwisho ninachowafundisha wanafunzi ni kitambaa cheupe. Toa chujio, funga kidole kwa kitambaa, pitisha ndani ya mpira upande wa kabureta. Kikitoka na oili kidogo, sawa. Kikitoka na vumbi jekundu, vumbi linapita. Tafuta wapi, usiwashe kabla hujajua.

Ile AG100 tuliichonga bloku kwa nusu milimita, tukafunga pistoni ya saizi hiyo na beringi mpya za krenki. Bwana shamba alirudi mwezi uliofuata kwa jambo la breki. Nikapitisha kitambaa, kikatoka safi. Kwenye mkoba wake kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani yake sponji ya pili, imeshapakwa oili.