Mbano wa skrubu ya mfupa ni nini?

Fundi wa Mafinga anayefunga bawaba kwenye mbao ya msonobari anajua kwa kiganja chake skrubu inaposhika. Akiongeza robo mzunguko zaidi ya hapo, mbao inasagika ndani na skrubu inaanza kuzunguka bure. Kile alichokisikia mkononi kabla haijafa ndicho wataalamu wa vifaa vya mifupa wanachokiita mbano: nguvu inayovuta vipande viwili vikaminyana.

Sasa chukua bodaboda iliyoteleza kwenye tope la Uyole wakati wa masika. Abiria anatanguliza kiganja, na maumivu yanakaa kwenye kishimo cha chini ya kidole gumba. Hapo kuna skafoidi, mfupa mdogo uliopinda kama korosho. (Wengi hudhani wameteguka tu, wanakandwa maji ya moto.) Damu yake nyingi huingilia upande wa vidole, hivyo ukivunjika katikati kipande cha pili kinaweza kukosa damu. Mwanya ukibaki, mfupa hauungi vizuri.

Skrubu ya kuuziba mwanya huo haina kichwa, kwa sababu mfupa huo karibu wote umefunikwa na gegedu na kichwa kingekwaruza mifupa jirani. Muundo wa Timothy Herbert wa Australia, uliochapishwa mwaka 1984, una ujanja wake: hesi (ile mistari inayozunguka skrubu) za mbele zimeachana kuliko za nyuma. Tuseme za mbele zinasogea milimita 1.2 kila mzunguko na za nyuma 1.0; vipande vinakaribiana milimita 0.2.

Kuupima mbano kwa mfupa halisi kuna shida, maana wa kijana ni mgumu na wa bibi umejaa vitundu. Maabara nyingi hutumia povu gumu la poliurethani, lenye kiwango chake cha Marekani, ASTM F1839. Kati ya vipande viwili vya povu huwekwa kihisio cha nguvu, skrubu inakazwa taratibu, namba inasomwa kwa newtoni. Newtoni 10 ni karibu uzito wa kilo moja ya sukari. Namba inapanda, inafika kilele. Ukizidi kukaza, inashuka. Ichomoe uone: hesi zimejaa unga wa povu, sawa na unga wa ule msonobari.

Lipo pia jaribio la kuing'oa skrubu kwa kuivuta. Kwa skafoidi, mimi naona linaeleza kidogo, maana hakuna anayeuvuta mkono wake kama msumari. Anayenyanyua ndoo au kusonga ugali anaupinda mfupa, tena na tena. Bora kuupinda mfano wa povu uliofungwa skrubu mara maelfu, kisha kuangalia mwanya umefunguka kiasi gani.