Kanuni za mipango miji Mwanza: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Kwenye lango la kiwanja kimoja cha Kirumba, karatasi iliyofunikwa nailoni ilining'inia kwa wiki kadhaa bila mtu kuishughulikia. Ilieleza kwamba mwenye kiwanja anaomba kubadili matumizi ya ardhi kutoka makazi pekee kuwa makazi na biashara, na kwamba mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi. Mvua zilipoanza, wino ukavuja. Miezi baadaye msingi ulichimbwa, nguzo zikapanda, na hapo ndipo majirani walipoanza kuulizana ni nani aliyeruhusu ghorofa kuchungulia nyua zao. Nilikuwa nikipita hapo karibu kila siku, nami sikusimama kuisoma.

Malalamiko mengi ya mipango miji niliyoyasikia Mwanza yana sura hiyo: mtu hufika wakati uamuzi umekwishafanyika, kwa kuwa tangu mwanzo aliamini jambo lisilo kweli kuhusu namna uamuzi huo unavyofanywa.

Inasemwa kwamba mkurugenzi ndiye mwenye kanuni

Wengi huamini kwamba kanuni za ujenzi hutungwa na mkurugenzi wa halmashauri, naye anaweza kuzibadilisha apendavyo. Kwa kweli kanuni hizo ziko katika ngazi tatu, na kila ngazi ina mlango wake. Juu kabisa iko Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, iliyotungwa na Bunge na kuchukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1956. Chini yake ziko kanuni zinazotungwa na Waziri mwenye dhamana ya ardhi, zikiwemo zile zinazoeleza ukubwa wa viwanja, upana wa njia, nafasi ya shule na zahanati, na makundi ya matumizi ya ardhi. Kanuni za viwango za mwaka 2011, kwa mfano, zilipitiwa upya na mpya kutolewa mwaka 2018, na hakuna halmashauri inayoweza kuzifuta kwa barua yake. Ngazi ya tatu ndiyo ya halmashauri yenyewe: mpango kabambe, yaani mpango wa jumla wa mji, michoro ya kina ya kila eneo, na sheria ndogo zinazopitishwa na baraza la madiwani.

Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba kiwango cha chini cha ukubwa wa kiwanja hakimfai mwenye kipato kidogo analalamikia jambo la wizara, ilhali anayelalamika kwamba eneo lake la wazi limegeuzwa kuwa viwanja analalamikia mchoro wa halmashauri. Akichanganya milango hiyo miwili, atazungushwa mwaka mzima.

Mwanza ina ugumu wake wa ziada. Mji ni mmoja kwa macho, lakini mamlaka za upangaji ni mbili: Halmashauri ya Jiji la Mwanza iliyomo wilayani Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela iliyoanzishwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 706,453 katika wilaya hizo mbili. Ya mwaka 2022 ilihesabu 1,104,521. Mpango kabambe wa 2015 hadi 2035 uliandaliwa ukizitazama zote mbili kama mji mmoja, jambo ambalo naliona la busara kuliko mengi yaliyomo ndani yake, kwa sababu maji ya mvua yanayoteremka milimani hayaulizi mpaka wa wilaya uko wapi.

Inasemwa kwamba wataalamu huchora ofisini na mwananchi hupelekewa alama ya X ya kubomolewa

Dhana hii ina chembe ya ukweli, nayo ndiyo inayoifanya idumu. Katika utaratibu wa sheria, halmashauri inayotaka kuandaa au kurekebisha mpango hutangaza kusudio lake, hukutana na wadau, hukusanya takwimu za eneo, hutoa rasimu ili watu waione na kuitolea maoni, kisha hupeleka rasimu hiyo kwenye vikao vyake kabla ya kuiwasilisha wizarani. Mpango wa jumla wa mji huidhinishwa na Waziri. Michoro ya kina ya mitaa huidhinishwa na Mkurugenzi wa Mipango Miji wa wizara. Njiani humo ipo Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ya halmashauri, ambayo wajumbe wake ni madiwani, yaani watu ambao mpiga kura anawajua kwa majina na kwa nyumba zao.

Chembe ya ukweli ni hii: mikutano hiyo mara nyingi hutangazwa kwa tangazo dogo lililobandikwa kwenye ofisi ya mtaa, hufanyika siku ya kazi, na ramani inayoonyeshwa haisomeki kwa asiyeizoea. Nilihudhuria mmoja. Ramani ilikuwa imetundikwa ukutani kwa gundi ya karatasi, imejaa rangi, na afisa kijana alikuwa akieleza kwa fimbo. Mama mmoja anayeanika dagaa ziwani alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasimama na kuuliza, “Mwanangu, vichanja vyangu vya dagaa ni rangi gani humu?” Afisa alitazama ramani kwa muda. Sehemu ile ya ufuko ilipakwa kijani chote, eneo la mapumziko. “Mayu,” yaani mama kwa Kisukuma, akamjibu, “humu hawakukuweka.” Halafu akachukua kalamu ya risasi, akamwomba asogee amwonyeshe hasa ni wapi, akachora duara na kuandika pembeni.

Sijui duara lile lilifika wapi, lakini ninajua kwamba wakati wa rasimu lilichorwa kwa kalamu ya risasi. Baada ya rasimu kuidhinishwa, duara lilelile lingehitaji maombi ya kubadili matumizi, ada, michoro mipya na vikao upya.

Inasemwa kwamba kanuni ikibadilika, nyumba iliyokuwapo inakuwa haramu

Hapa ndipo hofu ilipo kubwa, na ndipo maneno ya mtaani yanapochanganya mambo mawili yasiyofanana: kuvunja kanuni, na kukutwa na kanuni mpya. Aliyejenga bila kibali, au nje ya kibali alichopewa, alivunja kanuni iliyokuwapo siku anajenga. Aliyejenga kwa kibali halali hageuki kuwa mkosaji kwa sababu tu mchoro wa eneo umebadilishwa baadaye. Kwa kawaida ataendelea kutumia jengo lake kama lilivyo, na kanuni mpya itamfikia anapotaka kuongeza ghorofa, kubomoa ajenge upya, au kugeuza nyumba ya kuishi kuwa gesti.

Mfano ulio wazi zaidi hautoki kwenye mipango miji yenyewe, bali kwenye barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa, ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi mita 60, maana yake kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Watu waliokuwa wamejenga kihalali ndani ya zile mita 7.5 zilizoongezwa hawakuifuata barabara. Barabara ndiyo iliyowafuata. Kwa hiyo ukutani zilionekana X za rangi mbili. Nyekundu ilimhusu aliyeingia ndani ya hifadhi ya zamani, ambaye hana fidia. Kijani ilimhusu aliyekutwa na nyongeza, ambaye anastahili kulipwa eneo lake likihitajika. Nimeona watu wenye X ya kijani wakiuza mabati yao kwa bei ya kutupa kwa hofu, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza maana ya rangi.

Ardhi ikitwaliwa kwa matumizi ya umma, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe haraka. Hesabu yake haiishii kwenye thamani ya jengo. Huingia pia posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi na faida iliyopotea. Neno “haraka” ndilo linalosumbua katika utekelezaji, na sitajifanya kwamba halisumbui.

Inasemwa kwamba mwenye hati amemaliza

Hapana. Ardhi ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hati humpa mtu haki ya kuitumia kwa muda na kwa masharti yaliyoandikwa humo, likiwemo sharti la matumizi. Hati haitoshi bila kibali cha ujenzi, wala kibali cha ujenzi hakibadilishi matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Mtu mwenye hati ya makazi anayefungua karakana ya kuchomelea vyuma uani amekiuka masharti, hata kama bikoni zake zote nne ziko mahali pake.

Inasemwa kwamba milimani hakupangiki

Anayeingia Mwanza kwa mara ya kwanza hutazama juu kabla ya kutazama ziwa. Nyumba zimekaa juu ya mawe, chini ya mawe, na nyingine zimelitumia jiwe kama ukuta wa nyuma. Mabatini, Igogo na Kilimahewa ni makazi ya maelfu ya watu, na njia ya kufikia nyumba nyingi ni ngazi au upenyo wa mtu mmoja mwenye ndoo kichwani. Dhana iliyopo, hata miongoni mwa baadhi ya wataalamu, ni kwamba maeneo haya yana hatima mbili tu, ama yabomolewe ama yasahauliwe.

Sheria ya 2007 inatoa njia ya tatu, ambayo ni urasimishaji. Eneo lililokwisha kujengwa hutambuliwa, nyumba hupimwa zilipo, wakazi hukubaliana wenyewe ni nani atoe futi ngapi ili njia ipatikane, na mchoro hutengenezwa kufuata hali iliyopo badala ya kuilazimisha hali ifuate mchoro. Viwango vya upana wa njia na ukubwa wa kiwanja hapo haviwezi kuwa sawa na vya eneo jipya la tambarare kama Buswelu. Ubishi mkali huwa kwenye hizo futi. Mtu atakubali kanuni yote kwa moyo mweupe hadi kamba ya mpima inapopita juu ya ngazi ya mlango wake.

Kwamba viwango vinaweza kufuata mlima kumeonekana tayari kwenye majitaka. Mamlaka ya maji ya Mwanza ilijenga katika milima hiyo mfumo uliorahisishwa, wenye mabomba membamba yanayopita katikati ya nyumba na juu ya miamba, mahali ambapo bomba la kawaida lingehitaji mtaro mpana na barabara ya gari. Mwamba ulikuwa umeifanya kazi ya kuchimba choo cha shimo kuwa ngumu miaka yote. Kanuni ya ujenzi inayodai kila nyumba iwe na shimo lake la maji machafu haina maana juu ya jiwe tupu, na hiyo ndiyo aina ya kanuni ambayo halmashauri inapaswa kuipitia upya.

Hata hivyo si kila jiwe ni la kurasimishwa. Kwenye miteremko mikali, ambako mawe makubwa yanaweza kuteleza na maji ya mvua yana njia yake, mchoro hubaki ukisema hapana, nami nakubaliana nao.

Inasemwa kwamba sakafu nyingi ni msongamano, au kwamba ni maendeleo

Idadi ya sakafu peke yake haielezi lolote kati ya hayo. Wapangaji hutazama sehemu ya kiwanja inayofunikwa na jengo, jumla ya eneo la sakafu zote likilinganishwa na ukubwa wa kiwanja, na nafasi inayoachwa kati ya ukuta na mpaka. New York ilijifunza hilo baada ya jengo la Equitable la mwaka 1915 kuifunika mitaa kwa kivuli. Kanuni ya 1916 ikataka majengo yarudi nyuma kadiri yanavyopanda, na mwaka 1961 mji huohuo ukaibadilisha tena. Huku kwetu, karibu na uwanja wa ndege ulioko Ilemela, urefu wa jengo hupimwa pia na mamlaka ya usafiri wa anga.

Inasemwa kwamba katazo la mita 60 za ziwa huwabana wavuvi tu

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa ziwa au kingo za mto, shughuli za kudumu za binadamu na zile zinazoweza kuathiri uhifadhi wake. Hakimtaji mvuvi wala mwenye hoteli. Kinaufikia pia mto Mirongo unaopita katikati ya mji, ingawa watu huukumbuka unapofurika tu. Sheria hiyohiyo inampa Waziri nafasi ya kutoa miongozo ya shughuli zinazoweza kufanyika humo, na hapo ndipo mialo, maghati na vichanja vya dagaa vinapoweza kupata mahali panapotambulika.

Swali gumu zaidi ni mita 60 kutoka wapi. Ziwa Victoria halitulii. Mwaka 2006 lilishuka sana, na watu wakalima mahali palipokuwa maji. Mei 2020 kipimo cha kimo cha maji kilichoko Jinja, Uganda, kilifika mita 13.42, kikipita kidogo rekodi ya mita 13.41 ya mwaka 1964, na huku Mwanza maji yakaingia kwenye nyua za watu waliokuwa wamepima kwa kamba wakati ziwa liko mbali. Aliyeanza kupima mita zake 60 mwaka 2006 na aliyeanza mwaka 2020 hawakuanzia mahali pamoja, na wote wawili watakuambia wamefuata sheria. Ndiyo maana mchoro wa ufukoni unapopitiwa upya, swali la kwanza la kumuuliza afisa, kabla hata ya rangi za ramani, ni mstari wa maji ulioko kwenye mchoro wake ulipimwa mwaka gani.