Mzee wa mifereji wa Kwihara

Wiki iliyopita tulimzika mzee aliyejitolea miaka mingi kulitunza tembe la Kwihara, nyumba ya kale ya udongo iliyo nje kidogo ya mji wa Tabora. Jina lake familia imependa libaki kwao, kwa hiyo nitasema Mzee tu, kama tulivyozoea kumwita.

Kazi yangu ni kuhifadhi majengo ya kale. Kwenye nyumba ya udongo wengi hutazama juu, mvua inapopiga, lakini ukuta huanza kufa chini. Maji ya paani yakianguka hurukia kitako chake. Udongo unalowa, unakauka, unamomonyoka. Chumvi ya ardhini nayo hupanda na unyevu na kuulegeza zaidi. Ukiona ufa mkubwa juu, ujue chini kumeshalika zamani.

Mzee hakufundishwa hayo na sisi. Alistaafu reli, fundi wa njia, na mtu wa njia anajua tuta lililotuamisha maji halibebi treni. Kila Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza, alifika na jembe, kamba na pimamaji. Alifukua mifereji na kuipa mteremko, akang'oa nyasi zilizosogelea ukuta, akakwangua njia za mchwa kabla hawajafika kwenye boriti. Nyufa alizijaza udongo wa kichuguu uliokandwa na nyasi zilizokatwakatwa, ukalazwa siku kadhaa ndipo ukapakwa. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi yuko pale kuona maji yamepita wapi. Hakuna mradi unaolipia kazi ya namna hiyo. Miradi hupenda uzinduzi.

Saruji hakutaka hata kuisikia. Fundi mmoja aliyependekeza lipu ya saruji aliulizwa kama yeye hulala na koti la mvua. Mzee alikuwa sahihi kabisa: saruji ni ngumu kuliko udongo na hairuhusu unyevu kutoka. Ikipasuka, maji huingia nyuma yake, na siku ikibanduka huondoka na kipande cha ukuta.

Wageni humuulizia Livingstone, aliyefika hapa na Stanley mwaka 1872 baada ya kukutana Ujiji. Mzee aliwajibu kwa adabu, kisha akawavuta haraka hadi 1873, Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa Livingstone, walipoingia Unyanyembe, eneo hili la Tabora, na mwili wake. Cameron, ofisa wa Kiingereza waliyemkuta, aliwashauri wauzike hapa hapa. Walikataa, wakaubeba hadi Bagamoyo. Hapo Mzee alisimulia kwa kirefu, na sauti ikapanda. Wageni wenye haraka walikoma.

Vijana wawili wa Kwihara walikuwa wakimfuata na wanajua kuukanda udongo ule. Mteremko wa mifereji bado unawasumbua, basi Jumamosi ijayo tutaipima pamoja, tukianzia upande wa nyuma, ambako Mzee hakuufikia mwaka huu. Mwenye jembe aje nalo.