Programu huria si kopi za kuchakachua
Kariakoo utasikia: programu ya bure ama ina virusi, ama ni mbovu. Hapo watu huchanganya mambo mawili. Ile kopi iliyochakachuliwa unayowekewa kwa flashi ndiyo mara nyingi hubeba virusi. LibreOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu iliyoanza 2010, ni huria: leseni yenyewe inakuruhusu kuitumia dukani, hata kumgawia jirani, bila kulipa. Inafungua mafaili ya Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa huyumba kidogo wakati mwingine. Kwa hiyo ankara ya mteja itume kwa PDF, mpangilio usiyumbe. Na simu yako ya Android je? Kiini cha mfumo wake ni Linux, programu iliyo huria tangu 1992. Gharama ya kuhamia LibreOffice ipo, ila ni ya kumfundisha kijana wa dukani vitufe vilivyohama.